Sauti ya Mama Eve Katika Mashine Iliyokwama

Daktari alimwambia Mama Eve mambo mawili ambayo hayakukaa vizuri pamoja: kwamba uvimbe wa shingoni mwake haukuwa wa kutisha, na kwamba ukishatolewa, sauti yake huenda isirudi ilivyokuwa. La kwanza alilipokea kwa shukrani. La pili alilibeba mpaka soko la Gikomba, akaketi kwenye kibanda chake cha mitumba, na kwa mara ya kwanza tangu aanze biashara hakumwita mteja hata mmoja.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Teresiah, lakini ni marehemu mumewe na watu wa hospitali tu waliowahi kulitumia. Kwa wengine wote, kuanzia sokoni hadi Kayole alikoishi, alikuwa Mama Eve, na sauti yake ilikuwa mali ya umma. Katika kwaya ya kina mama ya kanisa lao yeye ndiye aliyeanzisha, na wengine wakamfuata kama watu wanaovuka barabara nyuma ya mwenzao mwenye ujasiri. Alikuwa ametunga wimbo mmoja, wa Hajiri na mwanawe jangwani, ambao watu wa makanisa mengine walikuja kuomba waimbiwe kwenye harusi na kwenye matanga, ingawa haukuwa wa harusi wala wa matanga. Wimbo huo haukuwa umewahi kurekodiwa. Kila mtu alidhani mwingine angefanya kazi hiyo, tena haraka ilikuwa ya nini, na Mama Eve yupo?

Bintiye, Eve, alifundisha kupiga chapa katika chuo kidogo cha kompyuta huko Donholm, ghorofani juu ya karakana ya fundi wa kuchomelea. Habari za daktari alimwambia kwanza mwalimu mwenzake, Mwelu Wathome, naye Mwelu alikuwa mtu wa aina ile ambayo ukimweleza shida yako, kabla hujafika katikati, tayari anatafuta bisibisi.

"Tutamrekodi," Mwelu akasema. "Hapa hapa. Kwenye kompyuta."

Ilikuwa 1998, barabara za Eastlands bado zina mashimo yaliyoachwa na mvua ya El Niño, na kurekodi kwenye kompyuta halikuwa jambo la kawaida. Watu walirekodi kwenye kaseti. Lakini kaseti ya kwaya ilikuwa imewahi kumezwa na redio mbele ya kamati nzima, na tena kila ukinakili nakala ya nakala, sauti huchakaa kama shati linalofuliwa kila siku. Mwelu akaeleza kwamba ndani ya kompyuta sauti haichakai. Ukishaipata mara moja, unaweza kutoa kaseti kwa kanisa zima na ya mwisho ikawa sawa na ya kwanza.

Wasike, fundi wa mashine wa chuo, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, alisema wazo ni zuri, ila angeleta redio yake waweke na kaseti pembeni, kwa usalama. Mwelu akakataa. Alisema mlio wa mota ya redio ungeingia kwenye maikrofoni. Hilo lilikuwa kweli. Pia ilikuwa kweli kwamba hakutaka kazi yake ya ustadi isimame kando ya redio ya kaseti kama bibi harusi aliyeletewa mwenza siku hiyo hiyo.

Kazi yenyewe aliitayarisha vizuri. Diski ya kompyuta ile ilikuwa kuukuu, na ukiipa sauti moja kwa moja ilikuwa ikirukaruka, neno hapa lipo, neno pale halipo. Kwa hiyo Mwelu aliamua kwamba wakati wa kuimba sauti isiguse diski kabisa, ikae kwanza kwenye kumbukumbu ya mashine, ile ya umeme, kisha ikitulia ndipo ihamishiwe kwenye diski. Mashine ilitumia Linux, ambayo Mwelu alikuwa ameipata kwa rafiki wa chuo kikuu katika rundo la disketi, akaipenda kama mtu anavyopenda baiskeli yake ya kwanza. Kila mara mashine ikiwaka, ile programu ya chini kabisa inayoamka kabla ya nyingine zote na kuzitawala, ambayo wenyewe huiita kiini, huuliza kumbukumbu iko kiasi gani ili iigawe. Mwelu aliidanganya. Aliandika amri ya kuiambia kwamba kumbukumbu inaishia katikati. Ile nusu ya juu kiini hakikujua kama ipo, na huko ndiko alikoandaa mahali pa kuiweka sauti.

Jumamosi alasiri wanafunzi walipoondoka, walitundika mablanketi dirishani. Eve alishuka kwa Irungu, yule fundi wa kuchomelea, akamwomba anyamaze kidogo, naye akaweka mashine yake chini bila neno, akakaa kwenye ngoma tupu ya mafuta kusikiliza. Wanawake wa kwaya walikuwa wamekuja wachache tu, wa kuitikia. Mama Eve alivaa kitenge chake cha Pasaka.

Akaimba.

Mwelu alikuwa amemsikia mara nyingi, lakini kila mara akiwa na mtoto wa mtu mapajani, au jirani anayemwonyesha mahali pa kukaa. Hakuwahi kumsikia akiwa amekaa karibu vile, bila la kufanya ila kutazama mstari wa kijani ukipanda na kushuka kwenye skrini. Wimbo ulianza chini, Hajiri akitembea, maji yakiisha kiribani. Kisha pale mama anapomlaza mtoto kichakani na kwenda kuketi mbali asimwone akifa, sauti ya Mama Eve ikapanda mahali ambapo hakuna mwingine pale Kayole aliyeweza kuifuata, ikakaa huko juu bila kutetemeka, na Mwelu akajikuta ameshika ukingo wa meza. Kina mama wakaitikia: inua macho, kisima kiko karibu.

Wimbo ulipokwisha, Mama Eve alifunga kitambaa shingoni. Daktari alikuwa amemwambia asiichoshe sauti kabla ya upasuaji, na yeye alikuwa mtu wa kutii kabisa au kutotii kabisa. Alionyesha mdomo wake, akaugeuzia ufunguo wa hewani, akaurusha ule ufunguo dirishani. Kuanzia hapo hadi hospitali, hakuna neno. Wanakwaya wakacheka, wakamkumbatia, wakaenda zao kuwahi kupika.

Kule chini, Irungu aliona kimya kimekwisha na kina mama wanatoka, akadhani kazi imekwisha. Hakuna aliyemwambia asubiri. Mwelu alikuwa ndiyo kwanza ameamuru sauti ihamishiwe kwenye diski, Irungu akagusa chuma chake, taa zikafifia, zikarudi, na diski ikatoa mlio mmoja mkavu, kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno.

Kisha mstari mmoja ukatokea kwenye skrini. Diski haijibu. Ukatokea tena, na tena, ukapanda skrini nzima.

Wasike alinyoosha mkono kuelekea kwenye swichi. Ni mazoea tu. Mashine za chuo zilikwama mara kwa mara, na dawa yake ilikuwa moja, zima uwashe. Mwelu alimdaka kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo iliwashangaza wote wawili.

"Ukizima, Mama amekwenda," akasema.

Wasike akaurudisha mkono wake taratibu na kuuweka mfukoni, mahali salama.

Walikaa. Eve alitaka kujua ni kitu gani, na Mwelu akamweleza huku akitazama ile mistari inayopanda. Sauti ya mamake ipo. Iko nzima, kwenye ile nusu ya juu ya kumbukumbu. Lakini kumbukumbu ya umeme huishi kwa umeme, ukikata inasahau yote. Na kiini kinachoitawala mashine kimekwama kikiisubiri diski, na kitaisubiri hadi kiama. Disketi nayo haifai, kwa sababu inaendeshwa na kadi ile ile ya diski.

Wasike alifikiri, akasema jambo la busara: basi waicheze kwa spika, yeye akimbie nyumbani akalete ile redio, wainase kwa kaseti. Mwelu aliona aibu ikimpanda hadi masikioni. Redio hiyo ingekuwa pale tangu mchana kama si maringo yake. Lakini hata ingekuwepo haingesaidia sasa, maana programu ya kucheza sauti ilikuwa kwenye diski, na diski haijibu. Alimwambia hivyo kwa upole mwingi kuliko kawaida yake.

"Nilikosea kuhusu redio," akaongeza.

"Najua," Wasike akasema, bila ubaya. "Sasa?"

Mama Eve hakusema kitu, maana alikuwa ameutupa ufunguo. Aliketi kwenye kiti cha wanafunzi na mkoba wake mapajani, akimtazama Mwelu kama anavyotazamwa dereva wakati gari limezima njiani: bila lawama, lakini bila kumwondolea macho.

Wazo lilimjia Mwelu kutoka upande. Kuna kuzima, na kuna kuanzisha upya. Ukibonyeza zile funguo tatu za kibodi kwa pamoja, mashine inaanza upya bila umeme kukatika hata kidogo. Kiini kilichokwama kinakufa, kiini kingine kinaamka, diski inapigwa kofi la kuamshwa. Na kumbukumbu haisahau, kwa sababu umeme haukukatika. Kilichomo kinabaki pale pale, hadi mtu aandike juu yake. Shida ni kwamba kiini kinachoamka hakimjui aliyekitangulia. Kitakuta kumbukumbu yote wazi na kujitandazia.

Ila kikidanganywa kama mwenzake.

Alivuta kiti, akaketi mbele ya Mama Eve, kwa sababu aliona kwamba sauti ni yake na uamuzi ni wake.

"Mama, chukulia ni nyumba ya kupanga kule kwenu. Mpangaji wa kwanza ametoka ghafla, vyombo vyake ameviacha chumba cha ndani. Anakuja mpangaji mpya. Tukimwambia nyumba hii ni ya chumba kimoja, hataufungua ule mlango wa pili. Akishatulia, mimi nakuja na ufunguo, natoa vyombo."

Mama Eve alifikiri. Kisha akainama, akashika ufagio usiokuwepo, akafagia sakafu kwa mikupuo mirefu, akainua nyusi. Na kati ya wapangaji, mwenye nyumba akiingia kufagia?

Mwelu alimtazama kwa heshima mpya. Alikuwa amefundisha watu wazima wenye vyeti ambao wasingeuliza hivyo. "Hilo ndilo ninaloliogopa," akasema. Kabla kiini chochote hakijaamka, mashine yenyewe, ule ubao wake, hujikagua, na katika kujikagua huweza kuipitia kumbukumbu yote ikijaribu kila chumba. Ikianzishwa upya bila kukatwa umeme inapaswa kuruka ukaguzi huo. Nyingine huruka, nyingine hazijali. Hii yao, akakiri, hajui ni ya aina gani.

"Dada yake anajua," Wasike akasema, akionyesha pembeni kwa kidevu.

Mashine za chuo zilinunuliwa kwa mkupuo kutoka ofisi moja iliyofunga, zote za ubao mmoja. Ile ya pembeni Mwelu alikuwa ameiwekea Linux pia. Waliiwasha. Mwelu akaipa uongo ule ule, akaandika sentensi kwenye nusu ya juu, na kwa kuwa hakuweza kufikiri sentensi yoyote, Eve akamtajia: Mama hajala tangu asubuhi. Mbele yake akaweka, kama programu yake ya kurekodi ilivyouwekea wimbo ule, alama ya kutambulisha, na urefu wa maneno, na jumla ya herufi zote zikihesabiwa kama namba, ili atakayekuja baadaye ajue kwamba alichokikuta ndicho kilichoachwa. Kisha akabonyeza zile funguo tatu.

Mashine ikaanza upya. Mwelu alichelewa kuandika ule uongo, kiini kikaamka chenyewe na kujichukulia nyumba yote. Walipotazama kwenye ile nusu ya juu walikuta takataka tupu. Mama Eve alifumba macho.

Mara ya pili Mwelu alimwekea Wasike kidole kwenye kitufe cha kuisimamisha mashine isubiri amri, akamwambia asikiachie hata paka akiingia. Akaandika. Kiini kikaamka, kikatangaza nusu ya kumbukumbu bila shaka yoyote. Mwelu akafungua ule mlango wa pili, na pale, kwenye skrini, herufi kwa herufi: Mama hajala tangu asubuhi.

Mama Eve alipiga makofi bila kugusanisha viganja. Eve akaenda kutafuta mandazi.

Alipokuwa akitoka, Mwelu alimwita, akamwomba apitie kwa Irungu amwambie asubiri. Irungu aliposikia kwamba chuma chake ndicho kilichomkatiza Mama Eve, aliacha kila kitu na kupanda ngazi mwenyewe, miwani ya kazi bado iko kwenye paji la uso, kofia mkononi. Aliomba msamaha mara kadhaa. Mama Eve, asiyeweza kumwambia kwamba hakuna neno, alimpa andazi. Basi akasimama mlangoni akilitafuna polepole, kama mlinzi wa benki, na kila aliyetaka kupita kule chini na mashine ya kusaga chuma alizomewa kutoka dirishani.

Wakarudi kwenye ile mashine iliyokwama. Ile mistari bado ilikuwa ikipanda. Mwelu alikuwa ameshaipangia siku nyingi kwamba zile funguo tatu zitiiwe papo hapo bila kuaga mtu, na sasa alishukuru kwa uvivu huo. Hata hivyo mikono ilimtoka jasho. Sentensi ni kitu kifupi. Wimbo ni mrefu, na mwenye wimbo yuko nyuma yako, unasikia anavyopumua.

Aligeuka. "Mama, nibonyeze?"

Mama Eve alisimama, akaweka mkoba kwenye kiti, akaja. Hakutikisa kichwa. Alichukua mkono wa Mwelu, akaupangusa jasho kwa ncha ya kitenge, akauweka kwenye kibodi.

Mwelu akabonyeza.

Skrini ikawa nyeusi. Wasike alikuwa amekwisha kukandamiza kitufe chake kama anayezima moto. Mashine ikalia mlio wake mfupi, diski ikanguruma, ikakohoa, ikanguruma tena, na neno la kusubiri amri likatokea. Mwelu akaandika polepole, akasoma alichoandika, akakisoma tena kwa sauti ili Wasike naye asikie, kisha akaruhusu. Kiini kipya kikaamka na kuhesabu kumbukumbu yake: nusu. Kikaiita diski. Diski ikajibu.

Halafu, kwa kuwa iliangushwa katikati ya kazi, ikataka kukaguliwa kwanza, nao wakalazimika kusubiri. Hakuna kusubiri kurefu kama kule kwa kutazama namba zikipanda kwenye skrini. Irungu aliuliza kwa kunong'ona kama inauma. Eve akamwambia bado.

Ilipokwisha, Mwelu aliufungua ule mlango wa pili. Alama ipo. Urefu upo, ule ule. Akaiambia mashine ipige jumla ya vyote vilivyomo, ailinganishe na ile iliyoachwa.

Hazikulingana.

Alihisi jinsi mtu anavyohisi akifika nyumbani akakuta kufuli iko mlangoni lakini dirisha liko wazi. Kitu fulani humo ndani kimeguswa. Hakujua ni neno moja, au ni wimbo mzima umebaki na jina tu. Akaihamisha sauti kwenye diski kama ilivyo, akaandika nakala ya pili, kisha akasema kwamba jumla imekataa, na kwamba njia pekee ya kujua ni kusikiliza.

Kwenye spika ndogo Hajiri akaanza kutembea. Maji yakaisha kiribani. Sauti ilikuwa ile ile, na Eve akaweka mkono mdomoni. Ikaendelea, ikaendelea, kisha, tiki. Kidogo tu, kama punje ya mahindi iliyopasuka kwenye sufuria. Wimbo ukapita juu yake. Baadaye kidogo, tiki nyingine. Na nyingine, kwa mwendo sawa. Pale juu kabisa, pale pa kumlaza mtoto, hapakuwa na kitu, sauti ilisimama peke yake, safi, na wote wakasimama nayo.

Wasike ndiye aliyeanza kucheka, kwa ahueni. Alikuwa akihesabu kwa vidole tangu tiki ya pili. Mwenye nyumba hakufagia, akasema, alipita tu akigonga kila mlango kujua kuna vyumba vingapi, na kila alipogonga akaacha alama ya kidole. Sentensi yao ilikuwa fupi mno kuguswa. Mwelu alitazama zile namba, akaona ni kweli: mahali pale pale katika kila kipande kikubwa cha kumbukumbu, tone moja la sauti lilikuwa limebadilishwa. Kilichobaki chote kilikuwa kizima. Alichukua kila tone lililoharibika, akaweka mahali pake wastani wa majirani zake wawili, kama mshonaji anavyopitisha uzi kwenye tundu la nguo iliyoliwa na nondo, na zile tiki zikatoweka zote.

Waliucheza tena. Mama Eve alisikiliza akiwa ameegemea ukuta, mikono imefungwa, uso umekaza. Wote walimtazama wakingoja chozi. Ubeti wa pili ulipofika, alikunja uso, akanyoosha kiganja, akakishusha mara mbili tatu: aliharakisha. Akaonyesha sikio lake, akaonyesha spika, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu wa kazi. Kisha akaonyesha shingo yake, akamtazama bintiye, akainua bega moja. Basi. Ndiyo iliyopo. Hapo ndipo Eve alipolia, na Mama Eve akamlaza kichwa kifuani na kuendelea kusikiliza juu ya nywele zake.

Upasuaji ulikwenda salama. Kwa wiki nyingi baadaye Mama Eve alinong'ona, na Gikomba ikajifunza kumsogelea. Kisha sauti ikarudi, ila si ile iliyotoka. Ilirudi nzito, pana, yenye mchanga kidogo, ya mwanamke mwingine mwenye mawazo yale yale. Juu hakuweza kufika tena. Alijaribu siku moja jikoni, peke yake, akidhani Eve amelala, akakwama pale pa kumlaza mtoto, akanyamaza, akaendelea kuosha sufuria. Eve alimweleza Mwelu hivyo. Kaseti zilikuwa zimekwisha kutolewa, na zilikuwa katika nyumba nyingi za Kayole. Alikuwa amejivunia sana kazi ile. Alipofikiria ile sufuria, akajiuliza kama kumwekea mtu sauti yake ya zamani ni zawadi tu, au ni zawadi yenye uzito wake.

Hakuuliza, lakini alipewa jibu la aina fulani. Karibu na Pasaka iliyofuata Eve alimwalika kwenye mazoezi ya kwaya. Mama Eve alikuwa ameketi katika safu ya sauti za chini, upande wa ukutani, amevaa sweta, akionekana kama mtu aliyehamia mtaa mpya na kuanza kuuzoea. Aliyesimama mbele alikuwa Mwongeli, msichana mwembamba wa kushona nguo ambaye alikuwa ameomba aujaribu wimbo wa Hajiri. Alikuwa amejifunza kwa kaseti, nyumbani, hadi majirani wakamjua kwa wimbo huo.

Aliimba vizuri. Alipanda, akafika, akatetemeka kidogo tu. Lakini katika ubeti wa tatu, kati ya neno na neno, mahali pasipo na sababu yoyote, alisimama, akameza mate, kisha akaendelea. Mama Eve aliinua mkono, kwaya ikanyamaza.

"Mwanangu," akasema kwa ile sauti yake nzito, "hapo unasimama kwa nini?"

Mwongeli akaona haya. Akasema ndivyo ilivyo kwenye kaseti, na yeye alitaka aimbe kama ilivyo.

Mama Eve akaanza kucheka, kicheko kizito kilichotoka chini kabisa, na kikaambukiza safu nzima ya sauti za chini, hadi Mwelu aliyekaa nyuma na kitabu cha nyimbo cha mtu mwingine mkononi akacheka pia bila kujua mwanzo wake.

"Hapo shingo ilikuwa inaniuma," Mama Eve akasema. "Wewe shingo yako nzima. Pita tu."

Akasogeza kiti chake mbele ili amsikie vizuri, akampigia meza mwendo wa polepole kuliko ule wa kwenye kaseti, na Mwongeli akaanza upya kutoka ubeti wa pili.